Mchicha wa bei kuliko samaki

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nimepanga Chikongola, Mtwara mjini, uani kuna nafasi ya hatua kama kumi. Nimeanza kabustani kwenye mifuko ya salfa niliyoitoa shambani kwa baba. Mume wangu ananicheka, anasema fungu la mchicha sokoni ni bei ya kutupa, nahangaika na ndoo za nini? Sasa hata mimi moyo umeanza kulegea. Wewe mwenzangu kinakusukuma nini?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo hajakosea. Mkikaa kuhesabu fungu kwa fungu atakushinda, kwa hiyo usibishane naye hapo. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mikindani nami nilijidai naokoa hela. Mvua zilipokata mwezi wa tano nikawa nanunua maji dumu kwa dumu, mpaka mchicha ukawa ghali kuliko samaki. Nikaacha.

Kilichonirudisha ni makumbi ya nazi. Nilikuwa nayarundika nyuma ya jiko nikingoja kuyachoma. Siku moja, kiangazi kikali, nikaligeuza lile rundo: juu kumekauka kau, chini kubichi, na mpapai umejiotea humo, una majani manne. Nikaona haya. Mimi na madumu yangu nimeshindwa, takataka imelea mche! Tangu siku hiyo kutupa makumbi kunaniuma, na ndicho kinachoniamsha. Hela sizihesabu tena.

Mchanga wetu huu haushiki maji. Yachambue makumbi, yatandike chini ya kiroba, juu yake mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, kisha funika kwa majani makavu ya mkorosho. Mwagilia jioni kwa maji uliyooshea mchele. Ya samaki usithubutu. Paka wa mtaa mzima walinifukulia matembele usiku mmoja.

Na anza na hayo hayo matembele. Hayana habari ya mbegu: omba mashina kwa jirani, chomeka, ukichuma yanachipua tena. Mchicha ungoje mvua za Desemba.

Ila mwanangu, hiyo mifuko ya salfa itoe leo. Salfa tunaipuliza kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, si kitu cha kulalia mboga. Inautia udongo ukali, na mifuko ya shambani huwezi kujua ilibebea dawa gani nyingine baada ya hapo. Usiifue, usiigeuze. Udongo uliomo nao usiuhamishie kwingine. Tafuta viroba vya unga au vya mchele, vitoboe chini matundu matatu manne.

Makumbi ukiyakosa huko mjini, panda gari uje Mikindani. Rundo langu bado lipo, na yule mpapai sasa unanipita kimo.