Kulazwa kwa mlevi na mtumia unga, na hukumu ya methadoni

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Kaka yangu amekunywa gongo kila siku kwa miaka mingi na anavuta unga (heroini). Mwezi uliopita alisema ametubu, tukamfungia chumbani aache vyote. Siku ya pili akaanguka kifafa, siku ya tatu akawa anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka. Tukaambiwa ni jini, asomewe. Alipotulia akarudia kunywa. Daktari anataka alazwe, kisha aanzishiwe methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga. Wazee wanasema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Je, inafaa? Swala na funga yake zitakuwaje? Na naweza kumtibia kwa zaka yangu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah. Alazwe, wala msimfungie tena chumbani. Toba ina masharti yake: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia. Kuacha kwa mlevi wa kila siku kunahitaji daktari, na kutafuta tiba ni katika aliyotuamrisha Mtume (s.a.w.).

Mliyoyaona yana mpangilio unaojulikana. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla, mikono huanza kutetemeka ndani ya saa chache. Kifafa huja zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kuweweseka, homa na kuona visivyokuwepo hufuata kati ya siku ya pili na ya nne, na hapo mtu anaweza kufa. Kumsomea Qur'ani hakukatazwi. Msomeeni pembeni ya kitanda, wodini. Kumcheleweshea tiba ili asomewe kwanza ndiko kunakoingia katika kauli ya Mola: "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195).

Wapo wanaomnywesha mgonjwa gongo kidogo kidogo nyumbani ili asitetemeke. Tariq bin Suwayd alipouliza kuhusu kutibu kwa khamri, Mtume alimjibu kuwa hiyo si dawa bali ni ugonjwa (Muslim). Mafakihi wamemruhusu aliyepaliwa na tonge kulisukuma kwa khamri asipopata kingine, lakini penye hospitali mlango huo umefungwa. Wodini atapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, au dawa ya jamii yake, ikipunguzwa siku hadi siku kwa muda wa wiki moja hivi, na vitamini B1 kwa sindano. Msimpitishe kwanza zahanati kutundikiwa dripu ya glukosi "apate nguvu": kwa mlevi aliyedhoofu, glukosi kabla ya B1 inaweza kumharibu ubongo.

Daktari aambiwe yote: alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, kiasi gani, na kete (vipakiti vya unga) ngapi kwa siku. Kuficha aibu hapa ni hatari, kwani diazepamu, pombe na unga, kila kimoja hupunguza pumzi, na vikikutana huizima.

Unga una mwendo mwingine. Arosto yake, yaani maumivu ya kuukosa, huanza baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida hulegea ndani ya wiki. Huwa haiui kama ya pombe. Hatari kubwa iko baada ya kutoka wodini, akirudia unga. Mwili umeshasahau kile kiwango, na kete ileile aliyoizoea inaweza kumuua. Methadoni inahitajika kwa sababu hiyo: huzuia arosto na tamaa ya kuurudia unga.

Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Ni dawa ya maji, anainywa kila siku mbele ya muuguzi. Huanza kwa kiwango kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30, na kupandishwa polepole, kwa kuwa hukaa mwilini zaidi ya siku na hujilimbikiza. Kiwango kikikaa sawa, mtu yu macho, anafanya kazi na akili yake ipo. Sababu ya kuharamishwa ni kulevya, na hapa kulevya hakupo. Mafakihi wa Kishafii walishajuzisha dawa zinazoondoa akili kwa haja ya kukata kiungo; hii isiyoiondoa ina haki zaidi. Akiiongeza, akiiuza au akiichanganya na gongo, amerudi kwenye haramu. Muuguzi akimnyima dozi kwa kuwa ananuka pombe, yuko sawa, msigombane naye.

Wengine, ili kuijuzisha methadoni, hutoa hoja ya khamri kuharamishwa hatua kwa hatua. Hatuihitaji, uharamu umeshakamilika.

Swala haimwondokei maadamu ana akili: asimame, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kutapika hakuvunji udhu kwetu Mashafii, ila mdomo na nguo vioshwe. Zilizompita akiwa amelewa kwa hiari atazilipa. Za wakati wa kuweweseka kwa maradhi, kulipa ni bora. Asijidanganye na hadithi ya swala ya mnywaji khamri kutokubaliwa siku 40: wanazuoni wameeleza kuwa kinachokosekana ni thawabu, faradhi iko palepale.

Ramadhani, akiwa wodini, ale na alipe baadaye (2:184). Akiwa kwenye methadoni, kuinywa mchana kunafunguza, basi muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamia usiku. Haiwezekani? Ale, wala asiruke dozi ili afunge: akikosa siku tatu, kiwango cha zamani kinaweza kumzidi nguvu, inabidi apimwe upya. Asiyetarajia kabisa kuweza kufunga atoe kibaba cha chakula kwa kila siku.

Zaka yako inafaa kwake, kwa kuwa matumizi ya kaka hayakulazimu, mradi ni fakiri na baba yenu hana uwezo wa kumhudumia. Kwa hali yake asikabidhiwe fedha. Apokee msimamizi wake, alipie dirishani na atunze risiti. Methadoni yenyewe kliniki za serikali ni bure. Kinachowasumbua wengi ni nauli ya kila siku, nayo yaweza kutoka humo humo. Itoeni ya siku moja moja, au mtu amsindikize, kwa sababu nauli ya mwezi mzima mkononi mwake itaishia kijiweni.