Springi za P-64: badilisha mbili kwa pamoja
Ukiuliza kama kubadilisha springi za bastola ya P-64 kunapunguza maumivu ya mkono unapofyatua: ndiyo, ila badilisha springi mbili kwa pamoja: ya nyundo iwe laini, ya kurudisha slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikifyatuka) iwe ngumu kuliko ya kiwandani. Bastola hii ya Poland haina kufuli la kushikanisha mtutu na slaidi risasi inapofyatuka. Slaidi huzuiwa na uzito wake, springi yake na nyundo tu. Ukilegeza ya nyundo peke yake, kifyatulio kitakuwa chepesi lakini slaidi itarudi kwa kasi zaidi, na kiganja ndicho kitakachoumia. Yangu nimeibadilishia zote mbili, na ule ugumu wa kuvuta kifyatulio kwa risasi ya kwanza umepungua mno. Angalizo: springi ya nyundo ikiwa laini kupita kiasi, fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi) ngumu za risasi za kijeshi za kipimo cha 9×18 mm huenda zisilipuke.