Kabla ya Kuuliza Bei ya Kadi ya Grafiki, Fungua Kasha la Kompyuta

Wengi wanaotaka kuipa nguvu mpya kompyuta kuukuu ya gemu hapa Kampala huanza kwa kutaja majina ya kadi na kuuliza ipi ni kali kuliko nyingine. Hata mimi nilianza hivyo. Nilikuwa na kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye prosesa ya Core i5-4570 ya mwaka 2013, na kila niliyemuuliza aliniambia kwamba kadi ya RX 580 ingeiacha mbali ile ya GTX 1650. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuihusu kompyuta yangu. Nililipia RX 580 katika duka moja karibu na William Street, nikaifikisha nyumbani Ntinda, nikafungua kasha, na ndipo nikaona kwamba pawa saplai yangu, yaani kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, ya wati 290 haikuwa na waya hata mmoja wa kuilisha.

Tundu la PCI Express lililo kwenye bodi kuu hutoa wati 75 tu kwa kadi. Kadi inayodai zaidi ya hapo hupokea umeme wa ziada moja kwa moja kutoka pawa saplai, kwa waya wa pini 6 unaoongeza wati 75, au wa pini 8 unaoongeza wati 150. RX 580 hula takriban wati 185. Fundi mmoja alinifungia kiunganishi cha kuchota umeme kutoka waya wa diski wa SATA, nami nikaridhia kwa sababu sikujua kwamba waya huo umekusudiwa kubeba wati 54 hivi tu. Kila gemu nzito ilipofunguka, kompyuta ilizimika ghafla. Siku ya tatu nikanusa plastiki inayoungua na kuichomoa kadi mara moja. Ninakusihi, ndugu msomaji, usikubali kufungiwa kiunganishi cha namna hiyo hata ukiambiwa kwamba wengine wanakitumia bila tatizo. Moto wa namna hiyo huanzia ndani ya kasha, mahali usipoweza kuuona.

Pengine utasema kwamba dawa ni kubadilisha pawa saplai. Kwa kompyuta iliyoundwa kwa vipande vya kawaida, hilo ni sahihi, na ni fedha iliyotumika vizuri. Kompyuta nyingi za ofisi, hata hivyo, zina bodi yenye plagi ya pini chache badala ya zile 24 za kawaida, na nafasi ya pawa saplai huwa na umbo lake yenyewe, hivyo pawa saplai ya kawaida huenda isiingie. Pima pia kwa rula urefu wa nafasi ya kuweka kadi, na kama kasha ni jembamba, fahamu kwamba utahitaji kadi fupi ya kimo cha nusu.

Ukibaki ndani ya wati 75, uwanja unakuwa mdogo na uamuzi unakuwa mwepesi. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 inapatikana kwa bei nafuu, ila kampuni yake, NVIDIA, ilisitisha draiva mpya za gemu (programu zinazoiendesha kadi) kwa kizazi chake mnamo Oktoba 2025, ikibakiza marekebisho ya usalama tu. GTX 1650 ya mwaka 2019 haikuguswa na uamuzi huo, na ndiyo niliyoichagua hatimaye. Lakini itazame kadi yenyewe kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji waliiwekea tundu la pini 6. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, hula wati 70 na ni bora kuliko hizo zote mbili kama mfuko unaruhusu. Usiichanganye na ile ya GB 8, ambayo hula wati 130 na lazima iungwe waya wake.

RX 6400 inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu inavutia sana: wati 53 tu, na iko ya kimo cha nusu. Kadi hii huzungumza na bodi kupitia njia nne tu za PCI Express. Kwenye bodi ya toleo la 4.0 njia hizo zinatosha, lakini kwenye toleo la 3.0 mwendo hupungua kwa nusu, na bodi zenye chipseti (chipu ya kuratibu bodi) ya H81 hukomea toleo la 2.0, ambako hubaki robo tu ya mwendo huo. Gemu inapoijaza kumbukumbu ya GB 4 ya kadi na kuanza kukopa ya kompyuta, picha hukwama. Kwa kompyuta ya umri wa yangu, singeichukua ila kasha likinilazimisha.

Kwa kadi zilizotumika, dai kuiona ikifanya kazi dukani, ikiendesha gemu kwa nusu saa huku ukifuatilia joto na sauti ya feni. Kadi nyingi zilifanyishwa kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Beba programu ya bure ya GPU-Z kwenye flashi: huonyesha chipu iliyomo kweli, na itakufichulia kwa mfano RX 580 yenye viini 2048 badala ya 2304, ambayo kwa hakika inakaribia RX 570.

Mwisho, tazama nyuma ya skrini yako. Kama ina tundu la VGA pekee, lile la kizamani la pini 15, kadi zote nilizozitaja hazitoi mawimbi ya VGA, na utahitaji kigeuzi chenye saketi yake ndani, kwani waya mtupu wa kubadilisha plagi hautaleta picha. Mimi nilikinunua kesho yake, baada ya jioni nzima ya kudhani kwamba kadi mpya imekufa.