Maswali ya Wasomaji: Njia ya Chooni Usiku

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao tunampokea mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 76, kutoka Muheza, naye atakaa nasi moja kwa moja hapa Tabata. Magoti yanamsumbua na anatumia dawa za shinikizo la damu. Nyumba ni yetu wenyewe, ina vigae vinavyong'aa tangu sebuleni hadi chooni, choo ni cha kuchuchumaa, na mlango wa mbele una ngazi tatu. Mume wangu anataka fedha tulizonazo zitumike kujenga njia ya mteremko badala ya ngazi na kununua kitanda cha hospitali. Mimi naona hatari iko kwingine. Alipotutembelea mwaka jana, mama alikuwa akiamka usiku kwenda chooni bila kuwasha taa ili asituamshe, na nilipojitolea kumsindikiza alikataa katakata. Kwa kuwa ni mkwe, sikuweza kushikilia. Tuanzie wapi?
Mkamwana, Tabata

JIBU: Ninamwomba mumeo asinikasirikie, lakini fedha hizo zianzie chooni. Njia ya mteremko iliyo salama huhitaji angalau sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ikiwa kila ngazi yenu ina sentimita 15, mtahitaji mteremko wa mita 5.4, na viwanja vingi vya Tabata havina nafasi hiyo kati ya baraza na geti. Mteremko mfupi na mkali, hasa wakati wa masika, ni mbaya kuliko ngazi zenyewe. Kwa mtu anayetembea kwa miguu yake, inatosha kuweka vishikio imara pande zote mbili za ngazi na kuchora mstari wa rangi nyeupe kwenye ukingo wa kila ngazi. Kitanda cha hospitali nacho kisubiri, kwani kitanda cha kawaida ambacho akikikalia nyayo zake zinakanyaga sakafu barabara kinamtosha.

Sasa turudi kwenye ile safari ya gizani, ambayo umeieleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza kuiuliza. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu akisimama ghafla kutoka kitandani, damu huchelewa kufika kichwani, akapata kizunguzungu. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takribani theluthi tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, hivyo korido ambayo wewe unaiona ina mwanga wa kutosha, kwake ni giza. Wekeni taa ndogo za kuchaji, zinazowaka zenyewe mtu anapopita, kwenye usawa wa miguu kuanzia kitandani hadi mlango wa choo: hazitamwamsha mtu, na umeme ukikatika zitaendelea kuwaka. Vilevile, kama miongoni mwa dawa zake kuna ile ya kuongeza mkojo, mwulizeni daktari kama anaweza kuinywa asubuhi.

Choo cha kuchuchumaa kibadilishwe kiwe cha kukaa, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 48. Kabla fundi hajamaliza, fundi seremala anaweza kuwatengenezea kiti imara chenye tundu cha kuweka juu ya choo kilichopo. Ukutani wekeni bomba la kushikia lenye unene unaojaa kiganjani, yaani sentimita 3 hadi 4, kwenye kimo cha sentimita 85 hadi 90 hivi, ingawa ni vyema mama mwenyewe akaonyesha mkono wake unapofika. Lifungwe kwa bolti zinazotanuka ndani ya tofali, si kwenye plasta. Nasisitiza jambo hili kwa sababu marehemu shangazi yangu aliangukia bafuni akiwa ameshika kile kibomba chembamba cha kutundikia taulo. Kiling'oka pamoja na skrubu zake mbili na kipande cha plasta, na tulimkuta sakafuni akiwa bado amekishika. Bomba lenu likishafungwa, mumeo alivute kwa uzito wake wote. Mlango nao ufunguke kwa nje, maana mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani huuziba kwa mwili wake, na msaada hauwezi kuingia.

Vigae vya bafuni vibadilishwe viwekwe vyenye uso wa kukwaruza. Khanga kuukuu zinazokunjwa kuwa zulia la mlangoni ziondoke, ndoo za maji ya akiba zisipangwe koridoni, na madera yanayoburura yapunguzwe urefu.

Kuhusu kukataa kusindikizwa, usione kwamba ni ukaidi. Mkwe hutaka kujisitiri, na bomba la kushikia ndilo litakalomwezesha kwenda chooni bila mkamwana wake kumshika mkono. Mumeo, ambaye ni mwanawe, ndiye azungumze naye, na kabla fundi hajaitwa mama apewe nafasi ya kupita chumba hadi chumba na kusema anachokitaka.

SWALI: Baba yangu ana miaka 68 na anatumia bakora aliyorithi kwa babu, lakini inateleza kwenye vigae. Tukimwambia abadilishe, anasema yeye bado si mzee. Tufanyeje?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, ila sikushauri umsomee. Mwachieni bakora yake. Igeuzeni mtazame ncha: ama haina kofia ya mpira, ama mpira umelika hadi mti umetokeza, na mti mtupu juu ya kigae chenye maji hauna pa kushika. Kofia hizo huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya tiba. Pimeni unene wa ncha kabla ya kwenda. Kisha baba asimame wima akiwa amevaa viatu, mikono ikining'inia: mpini unapaswa kufika kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, na bakora ikizidi hapo ikatwe chini. Mwisho, tazameni anaishika mkono gani. Kama goti linalouma ni la kulia, bakora ikae mkono wa kushoto. Wengi huishika upande wa maumivu, na hapo huwa inawaongezea kuyumba.