Forodhani: Kipi Ule, Saa Ngapi, na Kipi Ukiache

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari ya kula Forodhani, ile bustani ya ukingo wa bahari inayojaa wachuuzi wa vyakula jioni, na mitaa ya jirani, Mji Mkongwe wa Unguja. Tumechagua nne.

Tunakuja mwezi wa Julai, wakubwa wawili na watoto watatu, tutafikia Shangani. Ndugu waliotutangulia wanasema Forodhani waliletewa hesabu iliyowatoa jasho. Tufanyeje? — Msomaji, Dodoma

Ndugu msomaji, waliotoka jasho kwa kawaida ni wale waliokula kwanza wakauliza baadaye. Meza nyingi hazina bei iliyobandikwa. Mchuuzi anashika sahani, anakuzungusha mezani, wewe unaonyesha kwa kidole naye anapakia. Mara anaongeza kipande cha mkate au chipsi ambacho hukukiagiza, na mwisho nacho kinahesabiwa. Kwa hiyo kabla kitu hakijawekwa kwenye moto, uliza kijiti kimoja cha kila aina ni kiasi gani, na kama chapati na kachumbari zimo humo humo au zinalipiwa mbali. Kisha mwambie ataje jumla, nawe uirudie mbele yake: vijiti sita, chapati tatu, shilingi kadhaa, basi. Lipa ukishamaliza kula, na uwe na noti ndogo ndogo, maana chenji ya noti kubwa huchukua muda kurudi.

Msiagize vya watu watano kwa mpigo. Anzeni na nusu, kwa sababu mantabali moja (ile inayoitwa pia “Zanzibar pizza”) inamshibisha mtoto, na juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi inajaza tumbo kuliko inavyoonekana. Mwenye tumbo jepesi aagize juisi bila barafu.

Meza hupangwa alasiri na moto unakolea magharibi. Fikeni mapema kidogo, mzunguke bustani nzima bila kununua, huku watoto wakitazama vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani. Saa moja hadi saa mbili usiku ndiyo saa ya kula: wateja wanafuatana, chakula hakikai. Kuanzia saa nne, kilichobaki mara nyingi ni vijiti vilivyopashwa mara mbili tatu, vyeusi kingoni na vikavu ndani. Na sahani isiachwe ukingoni hata kidogo. Paka wa Forodhani ni wengi na hawana haya.

Chini ya taa zile samaki wote wanaonekana wazuri. Nitamjuaje aliyelala? — Msomaji, Mombasa

Macho yatakudanganya, hasa samaki akishapakwa manjano na pilipili. Tumia pua. Inama karibu na sahani: samaki mzuri ananukia bahari na ndimu, aliyelala ana harufu kali inayopanda puani, nayo viungo havifichi. Halafu omba kipande kikatwe katikati kabla ya kuchomwa. Nyama ya nguru au changu iwe imeshikana. Ikimeguka kama uji, nenda meza nyingine.

Jodari ndiye wa kuangaliwa zaidi ya wote. Akikaa kwenye joto saa kadhaa, bakteria hutengeneza histamini katika nyama yake, na histamini haiondoki kwa moto hata umchome awe mkaa. Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa moja au zaidi kidogo: mdomo unawasha, uso na shingo vinakuwa vyekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Watu hudhani wana mzio wa samaki, wakaacha kumla maisha yote, kumbe kosa lilikuwa samaki kukosa barafu. Ukionja jodari akawa na ukali kama wa pilipili ambayo hakupakwa, tema. Pumzi zikibana, hospitali hapo hapo. Jodari wa kula ni yule aliyelazwa juu ya barafu hadi anapoingia jikoni, si aliyepangwa kwenye vijiti tangu alasiri.

Pweza ana mambo yake. Huchemshwa kwanza ili alainike, ndipo achomwe, kwa hiyo kumkuta mezani ameshaiva si hila. Cha kutazama ni ngozi: iwe ya zambarau na imeshika nyama. Ikichunika kwa kidole na kuacha utelezi, huenda amechemshwa jana. Ukipenda pweza mbichi wa siku ile, tazama mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na wavuvi hutembea mwambani wakimchokoa pangoni. Siku za maji mafu mwamba hauwi wazi vile, na huenda ukauziwa wa friza. Wa friza naye si mbaya. Kugandishwa kunamlainisha nyama.

Nimejaribu mantabali nyumbani mara tatu. Yai linamwagika, unga unapasuka, na kilichobaki kinakunywa mafuta. Wapi nakosea? — Msomaji, Muscat

Kosa kubwa huwa kwenye kuupumzisha unga. Kwa mantabali nane: unga wa ngano mweupe nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya mezani, maji vuguvugu kama mililita 300. Maji yatie kidogo kidogo, maana unga wa kila kiroba una kiu yake. Kanda dakika 10 hadi uwe laini kama ndewe ya sikio. Gawa madonge manane makubwa ya gramu 70 hivi na manane madogo ya gramu 25, yapake mafuta kwa wingi, funika, na uyaache saa moja au mbili. Donge lisilopumzika linarudi nyuma ukilivuta, ukilazimisha linapasuka.

Tandaza donge kubwa kwa viganja juu ya ubao uliopakwa mafuta mpaka uone ubao kwa chini. Dogo litandaze liwe kama kiganja, uliweke katikati. Hicho ndicho kiraka kinachozuia yai, na wengi wanaoiga kwa kutazama tu hukiruka. Nyama ya kusaga iwe imeshaiva na kukauka, vijiko viwili tu. Ongeza kitunguu na pilipili hoho vilivyokatwa vidogo, nyanya iliyotolewa mbegu, jibini kidogo, mayonezi kijiko kimoja. Vunja yai moja juu yake, vuruga kwa ncha ya uma bila kugusa unga, kunja pande nne upesi. Ukichelewa, maji ya nyanya yanaulainisha unga na chini kunatoboka.

Tava liwe limeshapata moto wa wastani kabla. Laza upande wa mikunjo chini ili ujifunge, dakika tatu hadi nne, geuza, tatu tena. Kunywa mafuta maana yake tava lilikuwa baridi. Likiwa kali mno, nje kunaungua na yai ndani bado linateleza.

Zogo la Forodhani silipendi. Mchana nile wapi? — Msomaji, Tanga

Asubuhi nenda Darajani, karibu na soko, kwa chapati, maharage ya nazi na vitumbua. Kabla ya saa tatu bado vya moto. Mchana, mkahawa wa Lukmaan pale Mkunazini: unapanga foleni, unaona masufuria, unaonyesha unachotaka, iwe biriani au pweza wa nazi. Uwahi, kwani sufuria zuri huisha mapema. Ramadhani hesabu hii haifai, kwani mchana sehemu nyingi hufunga na Forodhani huchangamka baada ya futari.

Alasiri tafuta urojo. Mwambie muuzaji pilipili aitie pembeni, na bajia na kachori aziweke mwisho, zisilowe. Halafu kahawa, kwenye kijiwe cha Jaws Corner: ni chungu na haitiwi sukari, kwa hiyo nunua na kashata.