Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kukarabati paa la darasa shule ikiwa inaendelea

Mkuu, swali lako kwa kifupi: jengo la madarasa mawili lililoezekwa mabati zamani linavuja, vuli inakuja, madarasa mengine yamejaa, na unataka paa litengenezwe bila kuwarudisha watoto nyumbani. Inawezekana. Ila kuna masharti mawili ambayo usikubali fundi akubembeleze uyalegeze: asikae mtu yeyote chini ya bati linalofanyiwa kazi, na usifumue leo kipande ambacho huwezi kukifunika leo hii hii. Mengine yote yanatokana na hayo.

Kwanza jua unatengeneza nini. Doa la maji kwenye dari halikuonyeshi tundu lilipo, kwa sababu maji huingia juu, yakafuata papi (mbao za mlalo zinazopigiliwa mabati) au mguu wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), yakadondokea mita mbili au tatu chini zaidi. Mchana jua likiwa kali, funga madirisha, panda darini ukikanyaga mbao tu (silingi bodi haibebi mtu), kaa dakika tano macho yazoee giza. Kila nuru unayoiona iwekee alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu. Kisha mtu mmoja awe nje na mpira wa maji, aanze kumwagia chini kwenye ukingo wa paa na kupanda taratibu kuelekea kofia (bati la kufunika kilele cha paa), dakika kumi kila sehemu, wewe ukiwa ndani. Akianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua lipi ni lipi.

Mara nyingi utakuta misumari imepigwa bondeni mwa bati badala ya mgongoni, au mpira wa msumari, ule ulio chini ya kichwa chake, umepasuka kwa jua, au bati la juu limelalia la chini kwa sentimita tano tu wakati linatakiwa kulalia 15, na 20 au zaidi paa likiwa la mteremko mdogo. Kama ni hayo, badilisha misumari na mabati machache, kazi imekwisha. Lakini ukiwa huko juu, chukua bisibisi uchome kila kenchi pale inapokalia ukuta. Mchwa huanzia hapo. Bisibisi ikizama kama kwenye keki, simamisha mpango wa viraka na umwite mhandisi wa halmashauri, kwa sababu mbao hizo hazitabeba mafundi, achilia mbali mabati mapya.

Hapo hapo kagua kama ni mabati kweli. Majengo mengi ya zamani ya umma yaliezekwa asbesto: vipande vizito vya kijivu, vyenye mawimbi mapana na unene wa karibu milimita sita. Vikiwa asbesto, usitoboe, usikate, usivunje, usifagie vumbi lake kavu. Nyuzi zake zikiingia mapafuni huweza kusababisha saratani, na kwa kawaida huonekana baada ya miaka mingi, yaani kwa watoto hao hao wakiwa watu wazima. Kazi hiyo haifanywi shule ikiwa na watu hata darasa la pili likiwa tupu. Iandikie NEMC (baraza la taifa la mazingira) kuhusu namna ya kuondoa na mahali pa kuzika taka, na subiri likizo. Barakoa ya kitambaa haitoshi kabisa hapo.

Kuhusu muda: likizo ya Juni ndiyo bora, kwa sababu masika yamekwisha na hata mikoa yenye msimu mmoja wa mvua imekauka. Kama huwezi kusubiri, fanya kabla ya Oktoba, ila kumbuka Septemba kuna mtihani wa darasa la saba. Siku za mtihani nyundo zisilie kabisa, hata kwenye jengo la mbali.

Sasa hesabu. Nichukue jengo la urefu wa mita 18 na upana wa mita 8 pamoja na veranda, paa la pande mbili lenye mwinuko wa nyuzi 20, ukingo ukitokeza sentimita 60 kila upande. Nusu ya upana ni mita 4 na 0.6 ya ukingo, jumla 4.6, ukigawa kwa 0.94 (kosaini ya nyuzi 20) unapata mita 4.9 za mteremko. Agiza mabati ya mita 5 yaliyokatwa kiwandani, ili usiwe na maungio katikati ya paa. Urefu wa paa ni mita 18.6 pamoja na vitokezo vya sentimita 30 kwenye kila mwisho wa jengo. Kama bati lako linafunika sentimita 75 baada ya kulaliana (pima mwenyewe dukani, usiamini cha mdomo), unahitaji safu 25 kila upande, yaani mabati 50. Kofia za mita 3 zikilaliana sentimita 15 ni 7. Papi za inchi 2x2 zikipangwa kwa sentimita 80 hivi ni mistari 7 kila upande, karibu mita 260. Ongeza asilimia 10. Misumari kwa kila bati: mitano kwenye papi ya ukingo na ya juu, mitatu kwenye papi za kati, unapata kama 1,250, nunua 1,400. Chukua geji 28 (geji ni kipimo cha unene; namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba). Geji 30 ni nafuu lakini hukunjika ukiikanyaga, na paa la shule litakanyagwa kila mwaka na mtu wa kusafisha gata.

Nilichoona kikipuuzwa zaidi ni uzito. Bati moja la mita 5 la geji 28 lina takriban kilo 15. Mabati 50 ni kilo 750. Vibarua wakichoka kupanda na kushuka huyarundika yote juu, katikati ya paa kuukuu, halafu watu wanne wanasimama pembeni yake. Yapande manane kwa siku, yatawanywe juu ya kenchi, na yafungwe kamba. Bati lisilofungwa likipata upepo hukata kama panga.

Kuhamisha watoto: angalia ukuta unaotenganisha madarasa mawili. Ukiwa unafika hadi kwenye bati, unaweza kutumia darasa moja wakati la pili linafanyiwa kazi, mradi zamu ya mafundi isikaribie ukuta huo. Ukiishia kwenye dari, ambavyo ndivyo majengo mengi yalivyo, vumbi, misumari na vipande vya mbao vitavuka upande wa pili, kwa hiyo hamisha madarasa yote mawili: zamu ya asubuhi na mchana, ukumbi, au kuunganisha mikondo kwa wiki mbili. Darasa linaloendelea kutumika lisiwe na mlango wake pekee unaotokea veranda iliyo chini ya kazi.

Nje zungushia mirunda na kamba mita 6 kutoka ukutani, pande zote nne. Utepe peke yake ni mchezo kwa mtoto wa darasa la pili. Weka mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kulinda tu, asipewe kazi ya kuokota mbao. Lori la mabati liingie kabla ya saa moja asubuhi au vipindi vikiendelea, kamwe si wakati wa mapumziko, na likirudi nyuma liongozwe na mtu.

Umeme. Waya wa kutoka nguzoni mara nyingi umefungwa kwenye fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) au unapita sentimita chache juu ya bati. Omba TANESCO waukate siku hizo, si kuzima swichi ya ndani tu, kwa sababu swichi haigusi waya ulio nje. Waya za dari zilizolowa miaka mingi huweza kupitisha umeme hadi kwenye bati, kwa hiyo pima bati kwa testa kabla mtu hajaweka mkono. Kama kuna paneli za sola, zinatoa umeme muda wote zikiwa na jua hata ukizima kila kitu. Zifunike kwa turubai zito kabla ya kuzifungua.

Kupanda: ngazi ikae kwa uwiano wa moja kwa nne, yaani kama inagusa paa kwenye mita 3, mguu uwe sentimita 75 kutoka ukutani, na ngazi ipite ukingo kwa mita moja ili mtu apate pa kushika. Ifungwe juu. Kwenye ukingo jenga jukwaa la mirunda lenye reli ya kuzuia mtu asiteleze, kwa urefu wote wa sehemu mnayofanyia kazi. Fundi avae mkanda wa mwili mzima, kamba ifungwe kwenye kenchi yenyewe, papi hung'oka. Au ivushwe juu ya kofia na kufungwa upande wa pili kwenye nguzo imara au mti. Juu ya paa kuukuu watembee kwenye ubao unaokalia papi tatu. Bati la kupitisha mwanga likishapakwa rangi au kushika vumbi haliwezi kutofautishwa na jingine, na mtu akilikanyaga anafika sakafuni. Yatafute ukiwa ndani, kisha uyapigie alama ya X kwa rangi ukiwa juu.

Popo na nyuki: kinyesi cha popo darini kinyunyizie maji kabla ya kukizoa, na mvae barakoa za vumbi zinazobana usoni. Nyuki waondolewe jioni na mfuga nyuki, siku kabla ya kazi. Fundi akishambuliwa juu ya paa huruka.

Sasa kufumua. Anzia upande upepo unakoelekea, ili kila bati litakalofuata lilalie lililotangulia na upepo usiingie kwenye mwanya. Fumua safu nne pande zote mbili za paa kwa wakati mmoja: hiyo ni mita 3, karibu sawa na kofia moja, mabati manane. Siku saba jengo lote. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, juu panabaki wazi wiki nzima na mvua moja inaharibu dari nzima. Unatoa kofia kwanza, kisha mabati. Yashushwe kwa kamba, yasirushwe. Badilisha papi zilizooza, ezeka, funga kofia. Saa nane mchana kufumua kunaisha; muda uliobaki ni wa kufunika. Bati kuukuu la pembeni lilale juu ya ukingo wa bati jipya, lishikwe kwa misumari miwili, na turubai lipite juu ya kiungo hicho, limefungwa kwenye kenchi. Usilikandamize kwa matofali.

Msumari upigwe mgongoni mwa bati hadi mpira uvimbe kidogo pembeni. Ukizidisha, bati linabonyea na maji yanatuama hapo. Ukipunguza, mpira unachezacheza na kukatika. Kukata bati tumia mkasi wa bati. Grainda huchoma zinki kwenye ukingo, na cheche zake huganda juu ya bati, zikaota kutu ndani ya mwezi mmoja. Mbao zenye dawa zikauke kabla ya kuwekewa bati, kwani dawa mbichi hula zinki.

Kama shule inavuna maji, chomoa bomba la kushukia tangi siku ya kwanza kabisa. Vumbi la kutu, kinyesi cha popo na rangi za zamani, ambazo nyingine zina risasi, vyote vitaenda huko. Lisirudishwe hadi mvua ya kwanza au mbili ziwe zimeosha paa na gata.

Kila jioni kabla watoto hawajapita, mtu atembee eneo lote na sumaku. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye fimbo inatosha kabisa. Ipitishe polepole kwenye nyasi, kwenye mchanga wa veranda, na hasa chini ya ukingo. Misumari ya zamani imepinda, imeshika kutu, ina rangi ile ile ya udongo, na watoto wengi wanacheza pekupeku. Anayekanyaga apelekwe zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya pepopunda.

Kabla kamati ya mapokezi haijasaini, mwagieni maji tena kama mwanzo, kutoka ukingoni kwenda juu, mtu akiwa darini na tochi akizikagua zile alama za chaki moja baada ya nyingine. Rudisheni waya wa radi kama ulikuwepo. Malipo ya mwisho ya fundi yashikiliwe hadi mvua kubwa ya kwanza ipite.