Wakulima 120, "of them" au "of whom"?

Dada, umeuliza kwa nini supavaiza kakuzungushia wino mwekundu kwenye "We interviewed 120 farmers, 45 of them were women". Shida ni kwamba hapo umeunga sentensi mbili nzima kwa koma tupu, kwenye ripoti rasmi haikubaliki kabisa. Andika "120 farmers, 45 of whom were women", ni kama sisi tunavyosema wakulima 120 ambao 45 kati yao ni wanawake, ila Kiingereza hakirudii tena them na hapo ndo wengi tunateleza. Vitu ni which: "30 bags, 12 of which were wet". Of who usiandike. Ukiing'ang'ania them basi tanguliza and, lakini mi naona whom inapendeza zaidi.